Jaketi Lisilokauka

Siku ya tatu jaketi lilikuwa bado linachuruzika.

Lilining'inia kwenye msumari katika chumba cha vielelezo, rangi ya chungwa, namba 17 mgongoni kwa rangi nyeusi, na chini yake Koplo alikuwa ameweka karai la plastiki. Kila baada ya muda tone lilidondoka. Inspekta alisimama mbele yake, mikono nyuma, kama mteja dukani asiyetaka kuulizwa anatafuta nini. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro, viatu amevivaa kwa kukanyaga visigino, maana miguu yake ilikuwa imevimba tangu Jumapili.

"Karai ulilimwaga lini?"

"Jana jioni, afande."

"Na juzi?"

"Juzi mara mbili." Koplo alibakiza miezi saba astaafu, na hakuwa na haraka na jambo lolote duniani. "Nguo ikikaa siku tatu haijakauka nyumbani kwangu, nahama mimi."

"Shati lake lilikauka lini?"

"Jumatatu. Suruali ya jinzi, Jumanne asubuhi."

Inspekta alichukua daftari la vielelezo. Miaka mingi nyuma gunia la kielelezo liliwahi kupungua mikononi mwa Koplo, akasota akiandikishwa maelezo miezi sita. Tangu hapo alipima kila kilichoingia, hata viatu. Wenzake walimcheka sana. Mstari wa Jumapili ulisomeka: jaketi okozi moja, limelowa, mkanda umekatwa na wazamiaji, fundo halijafunguliwa, kilo nne kasoro robo.

"Kilo nne," alisema Inspekta.

"Kasoro robo."

Alifungua ukurasa wa pili, wa watu waliokuja kuulizia mali. Jumatatu saa mbili asubuhi: mama mzazi wa marehemu, aliomba jaketi. Jumanne saa moja na nusu: mama mzazi wa marehemu, aliomba jaketi.

"Huyu mama, mengine hakuyataka?"

"Nilimtolea saa na kiatu. Akasema vikae tu. Yeye ni jaketi." Koplo aliinua mabega. "Nikamwambia mama, hili ni la wenye boti, si la mwanao. Akaniambia, naomba nilitazame tu. Sikumruhusu. Sheria ni sheria."

Inspekta alifunga daftari. Mlango ulikuwa umeshagongwa.

Aliyeingia alikuwa kaka wa marehemu, seremala, mtu mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi hata siku za msiba. Hakukaa.

"Inspekta, kesho saa nne tunazika. Ukoo umekaa, umeamua. Yule mwanamke haji makaburini. Na nyinyi kama mna macho, hatoki hapa."

"Mpaka sasa hajashtakiwa. Yuko hapa kwa sababu juzi mlimtupia viti."

"Tulimtupia kimoja." Seremala alisogea karibu. "Sikiliza. Tulikuwa watu kumi na wawili kwenye ile boti, pamoja na dereva. Kumi na mmoja hatukuvaa jaketi, tuko hai. Aliyevaa ni mmoja tu, na ndiye tunayemzika. Nani alimvika? Mkewe. Nani alimfunga? Mkewe, tena si fundo la kamba za viatu, fundo la kufungia ng'ombe. Na yeye mwenyewe alivaa? Hakuvaa! Boti ilipopinduka nilimwona kwa macho yangu haya, mikono yake miwili iko kifuani kwa mdogo wangu, anamkandamiza. Kikulacho ki nguoni mwako, Inspekta."

"Boti ilipindukaje?"

"Picha. Mtu alisema tusogee upande mmoja mwanga ni mzuri. Tukasogea wote."

"Unajua kuogelea?"

"Hata kidogo."

"Sasa wewe ulielea na nini?"

Seremala alisita, kama mtu aliyeulizwa jina la jirani. "Nilishika mto."

"Mto gani?"

"Mto wa kukalia. Ile mito ya bluu ya kwenye viti. Ilikuwa imetapakaa juu ya maji, kila mtu akakamata wake. Mimi nililalia wangu mpaka boti nyingine ikaja, nusu saa nzima."

"Haukuzama?"

"Ungezama ningekuwa naongea na wewe?"

Inspekta aliandika neno moja kwenye kijitabu chake, mto, akakifunga. Mwaka jana bomba la maji lilipasuka chumbani kwake, likalowesha godoro la sponji. Wanaume watatu walishindwa kulitoa nje. Alikuwa bado analikumbuka godoro lile.

"Nenda kwenye msiba," alimwambia. "Leo jioni nitakupa jibu."

*

Mjane alikuwa chumba cha maelezo, kwenye benchi alilolalia. Alikuwa na miaka ishirini na sita, ameolewa miezi minane. Kitenge alichojifunga kilikuwa cha kuazima. Inspekta alivuta kiti, akakaa karibu naye kuliko kanuni zinavyotaka.

"Dada, nieleze habari ya jaketi. Tangu mwanzo."

"Nimeshaeleza mara tatu."

"Mimi ni wa nne. Nivumilie."

Mjane alitazama meza. "Hajui kuogelea. Mimi nimekulia kando ya mto, naogelea tangu sijaota meno ya pili. Tulipofika pale nikaona majaketi yametundikwa ukutani. Nikamwambia, vaa. Akasema nani anavaa hayo, si mtoto mimi. Nikamwambia usipovaa sipandi. Wenzake wa kazini wakaanza kumcheka. Kaka yake akasema, shemeji, mbebe na mgongoni kabisa." Alivuta kitenge magotini. "Akavaa. Alikuwa hivyo, akichekwa sana anafanya kusudi. Akawa anatembea kama bata ili wacheke zaidi."

"Fundo?"

"Kifungio cha plastiki kilikuwa kimevunjika. Nikafunga mkanda kwa mkono. Nilifunga sana, nilijua angelivua tukiwa katikati."

"Na boti ilipopinduka?"

Hapo sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Niliibuka, nikamwona. Alikuwa anaelea. Nilifurahi, Inspekta. Alinipungia mkono, akaniambia, unaona? Naelea! Kama dakika moja, au mbili. Nikaogelea kumfuata. Nilipofika maji yalikuwa yamefika kidevuni. Nikasema inua kichwa. Yakafika mdomoni. Alikuwa hapigi kelele, alikuwa ananiangalia tu, kama ananiuliza. Nikamshika hapa begani nimvute, lile jaketi likawa zito. Kila nikivuta linazidi. Ndipo nikaona nilifungue, nimvue. Fundo likawa limekaza kwa maji."

"Nipe mikono yako."

Mjane aliinyoosha. Kucha tatu za mkono wa kulia zilikuwa zimeng'oka hadi nyamani, na mbili za kushoto. Jumapili jioni mpokea maelezo aliandika "majeraha madogo ya vidole," akaendelea na ukurasa mwingine. Inspekta alitazama vidole vile na akamkasirikia mpokea maelezo kwa moyo wake wote.

"Ulikuwa unamkandamiza kifuani?"

"Nilikuwa nafungua." Alirudisha mikono chini ya kitenge. "Wanasema fundo langu ndilo lililomuua. Na mimi nadhani ni kweli. Nisingemlazimisha, naye angeshika mto kama wengine. Mimi sitaki kutoka hapa, Inspekta. Nataka kesho tu, saa nne, nimwone akiwekwa. Halafu nirudisheni mnifanye mtakavyo."

*

Gati la boti za kukodi lilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, na mwenye boti alikuwa ofisini, feni imemwelekea. Watu walimwita Kapteni Nchi Kavu, kwa sababu miaka kumi na moja alikuwa hajapanda boti yake hata mara moja. Juu ya kichwa chake palikuwa na kibao: VAA JAKETI LAKO, USALAMA KWANZA. Chini ya kibao, ukuta mzima, misumari thelathini yenye namba. Ishirini na tisa ilikuwa na majaketi. Msumari wa kumi na saba ulikuwa mtupu.

"Karibuni, karibuni," alisema Kapteni akiinuka kuwapokea Inspekta na Koplo. "Kila kitu kiko sawasawa kisheria. Mkaguzi alipita mwezi wa pili, akahesabu yote thelathini. Cheti kile pale."

"Alihesabu," alisema Inspekta. "Alivaa hata moja?"

"Avae aende wapi?"

Inspekta alipitisha kidole begani mwa jaketi namba 4. Kidole kilitoka na vumbi nene la kahawia. Akajaribu namba 9, namba 22. Vumbi lilikuwa lile lile. Kisha akatoka bila kuaga, akashuka kwenye ngazi za gati hadi kwenye boti iliyopinduka, ambayo ilikuwa imeshainuliwa, ikavutwa na kufungwa. Alikaa kwenye benchi. Mto wa bluu ulikuwa mgumu kidogo, haukubonyea. Ulikuwa na siku tatu tu tangu utoke majini, na ulikuwa mkavu.

Alipanda nao ofisini, akauweka mezani kichwa chini. Mshono wa mto ulikuwa wa uzi wa kijani. Kwenye kila pembe, mashine ilikuwa imerudi nyuma mara tatu, fundi akakata uzi karibu kabisa na kitambaa. Ilikuwa kazi safi, ya mtu aliyejifunza zamani.

"Koplo, lilete."

Koplo alilitoa jaketi namba 17 kwenye mfuko. Pande tatu za jaketi zilikuwa zimeshonwa kiwandani kwa uzi wa chungwa. Upande wa chini, ambao mtu haoni likiwa mwilini, uzi ulikuwa wa kijani. Pembeni, mara tatu nyuma.

Kapteni Nchi Kavu aliketi tena.

"Una pipa la maji?" aliuliza Inspekta.

"La kuoshea injini. Kwa nini?"

"Na matofali mawili."

Pipa lilikuwa nyuma ya ofisi, limejaa hadi mdomoni. Koplo alilitwaa jaketi namba 4, kavu, na vumbi lake, akalifungia tofali moja tumboni, akalishusha majini na kutazama saa yake. Lilielea. Kapteni alitoa pumzi.

"Si unaona?" alisema.

"Subiri."

Lilielea dakika ya kwanza. Dakika ya pili vipovu vikaanza kutoka kwenye mshono, vidogovidogo, halafu jaketi likainama upande mmoja kama mtu anayesinzia. Wote watatu walilitazama. Lilishuka polepole, bila fujo, mpaka tofali likagonga chini ya pipa.

"Dakika mbili na sekunde arobaini," alisema Koplo. Hakutania.

Kisha akaufunga mto kwenye tofali la pili, akautumbukiza. Ulizama kidogo, ukapanda, ukakaa juu ya maji na tofali lake. Walisubiri dakika kumi. Inspekta alimwacha Kapteni asimame juani muda wote huo.

Hatimaye alitoa kisu kidogo, akapasua mshono wa chini wa jaketi namba 17. Maji yalimwagika kwenye viatu vyake. Ndani palikuwa na sponji, ya njano, ya zamani, imetoboka, ile ya kukalia. Akaupasua mto. Ndani yake mlikuwa na vipande viwili vyeupe, vigumu, vya kitu kama soli ya ndala, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Kwenye kimoja bado palisomeka maandishi ya kiwanda: USIKALIE.

"Majaketi mawili, mto mmoja," alisema Inspekta. "Thelathini kwa kumi na tano. Hesabu imekaa. Sema."

Kapteni alijipangusa uso kwa kiganja. Aliposema, alisema haraka, kwa sauti ya mtu aliyejieleza peke yake siku tatu.

"Inspekta, wewe ulishamwona mtu amevaa hayo? Niambie ukweli wa Mungu. Wanaume wanasema si watoto. Wanawake wanasema linakunja nguo. Vijana wanasema linaharibu picha. Wengine wanasema linanuka. Miaka kumi na moja! Yananing'inia tu pale kwa ajili ya mkaguzi. Lakini makalio, afande, kila mteja anakuja nayo. Ile mito ya sponji ilikuwa inanyonya maji, mtu anainuka suruali imelowa kama mtoto mchanga. Malalamiko yote niliyopata yalikuwa ya makalio. Na mle ndani ya majaketi kuna kitu hakinyonyi maji kabisa, kimekaa bure. Nikasema, kinachotumika kitumike panapotumika."

"Na sponji ukairudisha ndani ili yanenepe."

"Mkaguzi asingehesabu majaketi matupu."

"Dereva alijua?"

"Hakujua. Hakuna aliyejua."

"Jumapili ulikuwa wapi wakati mke anamfunga mumewe jaketi?"

Kapteni aligeukia gati. Kwenye maji, boti nyingine mbili zilikuwa zinagongana taratibu.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapo mlangoni." Alionyesha kwa kidevu. "Niliona. Walikuwa wanamcheka. Na mimi nilicheka kidogo."

"Ungeweza kusema usivae hilo."

"Mbele ya wateja kumi? Ningeanzia wapi, Inspekta? Nikajua akifika katikati atalivua. Wote huvua."

Koplo, ambaye kwa miaka thelathini na tatu hakuwahi kumpiga mtuhumiwa, aliondoka akaenda kusimama kando ya pipa. Inspekta alimwacha. Alikuwa amebakiza swali moja.

"Nani alishona?"

"Fundi tu. Mama mmoja. Yeye hana kosa, nilimdanganya. Aliponiletea kazi akaniuliza, sasa haya yataelea? Nikamwambia mama, haya ni ya msumari, hayavaliwi na mtu."

"Yuko wapi huyo fundi?"

"Nyuma ya kituo cha mafuta. Nyumba ya bati la kijani, barazani ana cherehani ya miguu. Mshono wake hauna mfano mji huu."

Koplo aligeuka kutoka kwenye pipa. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Afande," alisema. "Nyumba ya bati la kijani ndipo lilipo turubai la msiba."

*

Walimfunga pingu Kapteni, wakafunga gati kwa mnyororo wake mwenyewe, wakamwacha kituoni. Kisha wakamchukua mjane kwenye gari la kazi, na jaketi kwenye mfuko, wakaenda msibani. Ilikuwa saa tisa alasiri. Chini ya turubai watu waliacha kuongea gari liliposimama. Mjane aliinamisha kichwa kwenye kiti cha nyuma asionekane, na Koplo akabaki naye.

Mama wa marehemu alikuwa chumba cha ndani, peke yake, pamoja na cherehani. Ilikuwa imeingizwa kutoka barazani ili kupisha wageni, ikafunikwa shuka. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, vidole virefu, futi ya kupimia bado iko shingoni. Hakuna aliyethubutu kumvua.

"Pole, mama," alisema Inspekta, akarudisha mlango.

"Nimeshapoa, mwanangu. Umeniletea?"

"Nimekuletea."

Aliliweka juu ya shuka. Mama hakutazama namba, wala fundo, wala doa hafifu la damu kwenye mkanda. Aligeuza jaketi moja kwa moja hadi upande wa chini, akatafuta kwa kidole gumba pembe ambayo kisu hakikufika, akasogea dirishani penye mwanga. Midomo yake ilihesabu bila sauti. Moja. Mbili. Tatu.

"Mafundi wengine hurudi mara mbili," alisema. "Mimi hurudi mara tatu, isifumuke." Aliliweka chini kwa uangalifu. "Ni mkono wangu."

Inspekta alitoa kijitabu chake.

"Nilijua Jumapili ile ile, waliponiambia alikuwa amevaa. Lakini nikasema, yalikuwa thelathini. Nilishona siku nne mfululizo, macho yanauma. Labda liko moja nililisahau. Mtu huchoka, akasahau. Nikasema nikiliona nitajua. Ndiyo maana nikawa nakuja." Alishika ncha mbili za futi shingoni. "Nimesali siku tatu niwe nimesahau."

"Mkwe wako amelala kwenye benchi siku mbili, mama. Mwanao mkubwa anasema ni muuaji. Mbona ulinyamaza?"

"Niliogopa." Alilisema waziwazi, kama anataja umri wake. "Nimebakiwa na mtoto mmoja. Nikisema, atanitazama vipi? Nikaona bora amchukie yule mtoto wa watu. Nilikuwa nasikia wanavyomtukana hapo nje, na mimi nimekaa humu. Hilo nalo liandike."

"Majaketi mengine?"

"Yote. Thelathini yote. Hakuna nililosahau."

"Maelezo yako nitayachukua kesho, baada ya mazishi. Kama utakuwa shahidi au mshtakiwa, hilo si la kuamua mimi."

"Hata leo yachukue, sikimbii. Mkwe wangu yuko wapi?"

"Kwenye gari."

"Mlete."

Kulikuwa na vurugu nje, viti vikiburutwa, sauti ya seremala ikisema hapiti, hapiti huyu labda anikanyage. Mama alifungua mlango mwenyewe. Hakupaza sauti.

"Toka mlangoni, baba. Mdogo wako nimemuua mimi."

Seremala alibaki na mkono umeshika fremu ya mlango. Aliangalia mama, akaangalia Inspekta, akangoja mmoja wao aseme ni uchungu tu unaomsemesha. Hakuna aliyesema. Aliteleza taratibu akakaa sakafuni palepale, na mjane akapita juu ya miguu yake.

Mama alimwambia yote, wamesimama, cherehani iko katikati yao. Hakuruka chochote: sponji, ile soli nyeupe, siku nne, neno la Kapteni kuhusu msumari, na kunyamaza kwake. Mjane alisikiliza bila kupepesa macho. Mwishoni mama alinyoosha mkono juu ya shuka, akavigusa vile vidole visivyo na kucha.

"Fundo lako halikuwa na kosa," alisema. "Umefunga vizuri, mwanangu. Angekuwa amevaa jaketi la kweli, ungemrudisha nyumbani."

"Ulikuwa unasikia wanavyoniita?" aliuliza mjane.

"Nilikuwa nasikia."

Mjane aliutoa mkono wake. Hakuutoa kwa hasira, aliutoa tu. Kisha akamwambia Inspekta, si mama, "Kesho saa nne?"

"Saa nne. Utakaa mbele. Koplo atakuwa pale."

Alitikisa kichwa kukubali. Akalivuta jaketi kutoka juu ya cherehani, akakaa nalo chini, akaliweka mapajani. Fundo lilikuwa bado pale kwenye mkanda uliokatwa, dogo, gumu, limekaza kwa maji ya ziwa. Akaanza kulifungua kwa vidole vilivyobaki na kucha. Mama alipiga magoti, akanyoosha mkono kumsaidia, maana hakuna fundo lililowahi kumshinda.

"Niache," alisema mjane. "Nitalifungua mwenyewe."

Lilikuwa kielelezo namba moja cha kesi, na kisheria hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Koplo, mlangoni, alifungua mdomo. Inspekta alimwinulia kiganja anyamaze, akageuka akatazama ukuta, na wakamsubiri mpaka alipomaliza.